Kibanda cha vitabu vya mitumba Nakuru, na mwalimu wa Uskoti niliyemkuta humo

Ninaandika tathmini hii kwa ajili ya walimu wenzangu, hasa wanaofundisha Njoro, Rongai, Bahati na pembezoni mwa jiji la Nakuru, ambao husema kila mara kwamba vitabu vinavyozungumzia ualimu kwa lugha ya mtu aliyewahi kusimama mbele ya darasa havipatikani huku kwetu, na vikipatikana bei yake haishikiki. Kibanda ninachokizungumzia kiko hatua chache kutoka Kenyatta Avenue, kwenye ujia ambao abiria hupita wakielekea steji ya matatu, na hakina jina wala bango. Utakitambua kwa rafu za mbao zilizoegemezwa ukutani, turubai la buluu juu yake, na rundo la vitabu vya kiada vya mtaala wa zamani lililotangulizwa mbele. Rundo hilo huwafanya wengi wadhani kwamba ndani hamna kingine, nami nilipita hapo kwa miaka miwili nikidhani hivyo hivyo.

Utaratibu wa huduma ni huu. Unalipa bei kamili ya kitabu, kwa fedha taslimu au kwa M-Pesa, na mwenye kibanda anaandika jina la kitabu na tarehe kwenye daftari lake, kisha anakukatia kipande cha karatasi chenye sahihi yake. Ukikirudisha kabla ya mwezi kwisha, kikiwa hakijachanika wala kuandikwa kwa wino, anakurudishia nusu ya pesa zako au anakupa kingine cha bei hiyo. Ukiamua kukaa nacho ni chako. Nilichukua viwili kwa jumla ya shilingi 750, nikasoma kwa wiki tatu, na katika muda huo sikusumbuliwa kwa simu wala kudaiwa nyongeza yoyote. Kwa mwalimu anayelipa nauli ya Njoro kwenda na kurudi, huo ni mpango wa haki.

Hata hivyo, lililonifanya niandike si bei. Mzee anayeuza hapo hakuniuliza ninataka kitabu gani. Aliniuliza maswali mawili: "Mwalimu, watoto wako wana umri gani?" na, nilipomjibu kwamba ni wa gredi ya saba, "Na wiki hii ni jambo gani la darasani lililokukosesha usingizi?" Sikuwa nimejiandaa kwa swali la pili, lakini nilimjibu kweli. Nilimwambia kwamba Jumanne ya wiki hiyo nilimchapa mvulana mmoja kiganjani kwa rula kwa sababu hakumaliza insha, na kwamba tangu siku hiyo hakuwa ameonekana shuleni. Nilijua sheria. Adhabu ya viboko ilipigwa marufuku katika shule za Kenya mwaka 2001, Katiba ya 2010 katika Kifungu cha 29 inamlinda kila mtu dhidi ya adhabu ya aina hiyo, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inarudia katazo hilo kwa maneno ambayo hayahitaji wakili kuyafasiri. Nilijua yote hayo na bado nikachapa. Mzee hakunilaumu wala kunifariji. Aliinama chini ya rafu ya nyuma, ambako huweka vitabu anavyonunua kwa wanafunzi wa Egerton wanapohitimu na kwa walimu wanaostaafu, akatoa viwili, akaniambia nianze na chembamba.

Chembamba kilikuwa A Dominie's Log, kilichochapishwa mara ya kwanza mwaka 1915, na kinene kilikuwa Neill! Neill! Orange Peel!, tawasifu ya mtunzi yuleyule iliyotoka mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mtunzi ni A. S. Neill, yaani Alexander Sutherland Neill, mwalimu wa Uskoti aliyezaliwa Forfar tarehe 17 Oktoba 1883 na kufariki Septemba 1973. Wanaolijua jina lake wengi wao hulijua kwa sababu ya Summerhill, shule aliyoianzisha, ambako mtoto halazimishwi kuingia darasani. Mimi pia nilikuwa nimelisikia chuoni, katika mhadhara mmoja wa falsafa ya elimu, likatajwa na kupitwa. Agizo la mzee kwamba nisianzie kwenye umaarufu huo lilikuwa la busara kuliko nilivyotambua pale kibandani, kwa kuwa mwalimu wa shule ya umma anayeanza na Summerhill atakifunga kitabu kabla ya jua kuchwa, akisema hayo ni mambo ya wenye nafasi. Anayeanza na maisha ya kabla ya hapo anakutana na mwalimu aliyefanana naye.

Neill alikuwa mmoja wa watoto wanane waliosalia hai kati ya kumi na watatu. Baba yake, George Neill, alikuwa mwalimu wa kijiji cha Kingsmuir karibu na Forfar, yule ambaye Waskoti humwita dominie, neno lenye asili ya Kilatini ambalo kwao lina uzito ule ule wa jina "mwalimu" kijijini kwetu, pale linapogeuka kuwa jina la mtu hata akiwa sokoni. Nyumba ilikuwa ya dini kali ya Kikalvini, yenye hofu ya Mungu na hofu ya baba kwa pamoja. Watoto wengine wa familia walipelekwa katika shule ya Forfar Academy, lakini yeye peke yake aliachwa nyuma kwa kuwa masomo hayakumwingia. Akiwa na miaka 14 alitumwa Edinburgh kuwa karani katika kiwanda cha mita za gesi, akashindwa kuvumilia upweke, akarudi nyumbani, akajaribu kazi ya dukani, nako hakudumu. Mwishowe alifanywa mwanafunzi-mwalimu katika shule ya baba yake, kazi ambayo hakuichagua yeye bali ilibaki baada ya nyingine zote kukataa.

Sehemu hii niliisoma mara mbili. Wako walimu wengi miongoni mwetu walioingia kazi hii kwa mlango huo huo, alama zilipokosa kutosha kwa kozi waliyoitaka, na wanaona aibu kulisema jambo hilo kwenye ofisi ya walimu. Neill analisema bila kulifunika. Anaeleza pia kwamba katika miaka yake ya mwanzo, akiwa mwalimu msaidizi katika vijiji vya Uskoti, aliushika mkanda na kuutumia. Mkanda huo, ambao Waskoti huuita tawse, ni kipande kinene cha ngozi kilichopasuliwa nchani na kutengenezwa mahususi kwa ajili ya viganja vya wanafunzi, na mji wa Lochgelly katika eneo la Fife ulipata sifa kwa kuutengeneza. Katika shule moja ya Fife alihudumu chini ya mwalimu mkuu mkali ambaye aliogopwa na watoto na walimu wasaidizi vilevile, na hapo ndipo tawasifu iliponishika zaidi, kwa sababu inaonyesha jinsi hofu inavyoshuka ngazi: mwalimu anamwogopa mkubwa wake, kisha anaimalizia hofu hiyo kwenye mkono wa mtoto. Mimi nilimchapa yule mvulana siku moja kabla ya ukaguzi wa madaftari. Sikuwa nimeyaunganisha mambo hayo mawili mpaka nilipofika kurasa hizo.

Alijiunga na Chuo Kikuu cha Edinburgh akiwa na umri wa miaka 25, mwaka 1908, akahitimu shahada ya Kiingereza mwaka 1912 baada ya kulihariri gazeti la wanafunzi, kisha akafanya kazi za uhariri hadi London. Vita vya 1914 vilimrudisha darasani. Alipewa shule ya kijiji cha Gretna, mpakani mwa Uskoti na Uingereza, na ndiko alikoandika kile kitabu chembamba.

Kanuni za elimu za Uskoti wakati huo zilimtaka mwalimu mkuu aweke kitabu rasmi cha kumbukumbu za shule, lakini zilimkataza kuandika humo fikra wala maoni yake ya jumla. Neill alikubali kuandika ya rasmi kwa ajili ya wakaguzi, kisha jioni, watoto wakishaondoka, akawa anaandika kumbukumbu nyingine ya siri, yenye yale yote yaliyokatazwa. Hiyo ndiyo iliyogeuka kitabu. Walimu wa Kenya watalielewa jambo hili bila kuelezwa. Tuna skimu za kazi, tuna maazimio ya somo, tuna rekodi ya kazi na orodha za tathmini za mtaala wa umilisi, na katika karatasi zote hizo hakuna mstari hata mmoja ambapo mwalimu anaweza kuandika kwamba leo somo halikuingia kwa sababu watoto walikuwa na njaa, au kwamba yeye mwenyewe hajui kwa nini anafundisha mada hiyo. Neill aliandika hayo. Aliandika kwamba haoni faida ya nusu ya anayofundisha watoto ambao kesho watakuwa wakichunga ng'ombe na kuhudumu majumbani, na akajiuliza shule inawatayarishia nini hasa. Huko ndiko alikoanza kuuweka mkanda kando, na hakuuweka kwa siku moja wala kwa kauli moja. Msomaji anamwona akisita, akibishana na nafsi yake, akijaribu tena.

Ninakiona kitabu hiki kuwa bora kuliko kile cha tawasifu, na bora pia kuliko maandishi yaliyomletea sifa duniani, kwa sababu kiliandikwa na mtu ambaye bado hakuwa na jibu. Kina kasoro zake. Mazungumzo ya wanakijiji yameandikwa kwa Kiskoti, na msomaji aliyezoea Kiingereza cha shuleni atalazimika kubahatisha maana mara nyingi. Aidha, kipo kitabu kilichokifuatia mwaka 1917 ambamo mwalimu yule anafukuzwa kazi na kwenda kufanya kazi shambani, na wasomaji wengine hudhani ndivyo ilivyomtokea Neill mwenyewe. Hakufukuzwa. Mwaka 1917 aliingia jeshini, na wakati huo ndipo alipokutana na Homer Lane, Mmarekani aliyekuwa akiendesha huko Dorset makao ya vijana waliovunja sheria, ambako vijana wenyewe walitunga kanuni na kuamua kesi zao. Neill alimhesabu Lane kuwa mwalimu wake mkuu mpaka mwisho wa maisha.

Tawasifu inaendelea kutoka hapo kwa mwendo wa haraka, nami sitakaa sana katika safari zake. Mwaka 1921 alishiriki kuanzisha shule Hellerau, karibu na Dresden nchini Ujerumani. Ikahamia mlimani Austria, ambako wenyeji hawakuipenda. Ikafika Lyme Regis, Uingereza, mwaka 1924 katika nyumba iliyoitwa Summerhill, ikachukua jina hilo. Na mwaka 1927 ikatua Leiston, Suffolk, iliko hadi leo, isipokuwa miaka ya Vita vya Pili vya Dunia ilipohamishiwa Wales. Kurasa za Wales zinahuzunisha, kwani huko ndiko alikofariki mke wake wa kwanza mwaka 1944, mwanamke aliyeijenga shule hiyo pamoja naye.

Yale yanayobishaniwa kuhusu Summerhill ni mengi, na nitataja mawili tu ambayo nimeyafikiria nikiwa darasani kwangu. La kwanza ni mkutano. Kila wiki shule nzima iliketi pamoja, watoto na walimu, na kila mmoja alikuwa na kura moja, kiasi kwamba kura ya Neill ilikuwa sawa na ya mtoto wa miaka sita. Walitunga sheria za muda wa kulala, za baiskeli na za kelele, na aliyezivunja alitozwa faini, kwa mfano kunyimwa kitafunio chake kitamu baada ya chakula. Wanaosema kwamba ilikuwa shule isiyo na sheria hawajasoma. Ilikuwa na sheria nyingi kuliko shule yangu. Tofauti ni kwamba zilitungwa na wale waliotakiwa kuzifuata. Pili ni jinsi alivyomtendea mtoto mwizi. Aliwahi kumpa zawadi ya pesa mtoto aliyeiba, kwa imani kwamba anayeiba anatafuta upendo asioupata, na kwamba adhabu ingemthibitishia kuwa hapendwi. Watoto wa namna hiyo alizungumza nao pia faragha ili kuwaponya, lakini baadaye alikiri kwamba wale ambao hakuwapa mazungumzo hayo walipona vilevile, akahitimisha kwamba uhuru wenyewe ndio uliowaponya. Ninamheshimu kwa kukiri huko. Si jambo dogo kwa mtu aliyekwisha kuwa maarufu kuandika kwamba dawa yake mwenyewe huenda haikuwa dawa.

Sasa nitasema nisichokubaliana nacho, kwa maana sifa tupu haimsaidii anayetaka kununua. Summerhill ilikuwa shule ya kulipia, ya watoto wachache wa mabweni, ambao wazazi wao walichagua kuwapeleka huko. Mimi nina wanafunzi 68 katika chumba kimoja, na mzazi aliyeuza viazi ili alipe michango ya shule hataelewa nikimwambia kwamba mwanawe hakutaka kusoma hesabu muhula huu. Neill hakuwahi kulijibu swali hilo kwa kuniridhisha, na tawasifu, iliyoandikwa akiwa mzee sana, inalipita kwa haraka. Kuna pia kurasa nyingi kuhusu rafiki yake Wilhelm Reich, daktari wa nafsi kutoka Austria, na nadharia zake za nafsi na mwili, ambazo nilizisoma kwa subira na sikutoka na kitu. Mwalimu asiye na muda anaweza kuziruka.

Upo upinzani mwingine mzito zaidi, unaotoka kwetu wenyewe. Nilipokisoma kitabu hiki wakati wa mapumziko, mwalimu mwenzangu, dada ninayemheshimu kwa bidii yake, alikitazama na kuniambia, "Mwalimu, mchelea mwana kulia hulia yeye." Methali hiyo imechapwa pamoja na viboko tangu tukiwa wadogo, hata tumeiona kuwa ni amri ya wahenga ya kuchapa. Lakini nikiitazama vizuri, haitaji fimbo. Inamzungumzia mzazi anayeogopa machozi ya mtoto kiasi cha kushindwa kumkataza neno, na mkutano wa Leiston uliwaliza watoto wengi kwa kuwanyima wanachokitaka bila mtu kuinua mkono. Nilimweleza dada yangu hivyo. Hakukubali siku hiyo, ila aliniomba kitabu, na nilimwambia kwamba kina tarehe ya kurudishwa.

Jambo hili halikuwa rahisi hata kwao. Neill alifariki 1973, na ule mkanda wa ngozi uliendelea kutumika katika shule za umma za Uskoti hadi mwaka 1987, ulipokatazwa kisheria baada ya wazazi wawili wa Kiskoti kupeleka malalamiko yao katika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya na kushinda mwaka 1982. Sisi tulikataza kwenye karatasi miaka 14 baada yao. Na shule yake yenyewe iliponea chupuchupu: mwaka 1999 wakaguzi wa serikali ya Uingereza waliitaka ibadilike, shauri likafika mahakamani London mwaka 2000, na maafikiano yalipopatikana, wanafunzi waliruhusiwa kufanya mkutano wao mumo humo katika chumba cha mahakama ili wayapigie kura kabla hayajakubaliwa. Wakati huo kiongozi wa shule alikuwa binti yake Zoë, aliyezaliwa 1946 katika ndoa yake ya pili. Habari hizi za baada ya kifo chake, bila shaka, hazimo katika tawasifu. Niliziongeza kwa kusoma kwingine, na ninazitaja ili anayekichukua ajue kwamba hadithi haikuishia pale kitabu kinapoishia.

Narudi kibandani. Hali ya vitabu ni ya wastani. Chembamba kilikuwa kizima, ila maandishi yake ni madogo na yanachosha macho chini ya taa hafifu. Kinene kilikuwa kimelegea mgongoni, na karatasi mbili zilikuwa zimeachana na mshono, jambo ambalo mzee alinionyesha mwenyewe kabla sijalipa na akaliandika kwenye daftari ili nisije nikadaiwa. Udhaifu wa kibanda ni mvua. Mwezi wa nne turubai halitoshi, na rafu ya chini kabisa hunuka unyevu; nimeona vitabu vizuri vya Kiswahili vilivyovimba kurasa hapo, na inaniuma. Bei hazijaandikwa popote, hivyo mgeni anaweza kudhani anakisiwa kwa sura yake, ingawa mimi na rafiki yangu tulitajiwa bei moja kwa siku tofauti. Hafungui Jumapili, na Jumamosi baada ya saa nane ujia hujaa watu kiasi cha kutoweza kusimama na kusoma ukurasa. Nendeni asubuhi, siku ya juma, na mumjibu maswali yake mawili kwa ukweli, kwa kuwa ukimwambia tu "nataka kitabu cha ualimu" atakuonyesha lile rundo la mbele kama anavyomwonyesha kila mtu.

Kuhusu yule mvulana, nilikwenda kwao Ijumaa jioni, nikamwomba radhi mbele ya nyanya yake anayemlea, na Jumatatu alikuwa kwenye dawati lake. Insha yake hakuimaliza. Nilimwomba anisimulie kwa mdomo alichotaka kuandika, akanisimulia kwa muda mrefu.

Tawasifu nimeirudisha siku tatu kabla ya mwezi kwisha, nikapewa nusu ya pesa zangu bila mjadala. Kile chembamba mzee alinyoosha mkono kukipokea, nikamwambia kwamba hicho sikirudishi. Alikifuta kwenye daftari lake, akaniuliza kama nimekwisha kuanza kuandika changu.